Propela ya nyuma kwa gari lililonyanyuliwa: ipi ununue kwanza

Gari likishanyanyuliwa inchi mbili au nne kwa ajili ya tope la Kwimba na mchanga wa mialoni (fukwe za mitumbwi ziwani), lawama huwa zile zile. Kwenye lami ya kwenda Magu, mshale ukigusa 80, sakafu inatetema na kioo cha ndani kinacheza. Mwenye gari anaambiwa propela, lile bomba linalopeleka mzunguko nyuma kwenye ekseli, imekufa, ananunua nyingine, na mtetemo unabaki pale pale. Mara nyingi kilichobadilika ni pembe, na pembe haiuzwi dukani. Kabla ya kutoa hela, pima.

Egesha mahali tambarare, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukilipiga jeki ekseli inaning'inia na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Kinga magurudumu kwa mawe, kisha kwa simu yenye programu ya kupimia mlalo soma mlalo wa flanji (sahani ya bolti inayoshika ncha ya propela) ya transfa, yaani boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, bomba la propela, na flanji ya difu, boksi la gia katikati ya ekseli. Flanji zisome kutoka wima, bomba kutoka mlalo. Tofauti kati ya flanji na bomba ndiyo pembe ya krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye kila ncha ya propela.

Krosi iliyokunjwa digrii 10 haizungushi propela kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko propela inaharakisha na kuchelewa mara mbili, kama asilimia 1.5 kila upande. Kwa digrii 15 inafika 3.5. Krosi ya upande wa difu ndiyo inayofuta kasoro hiyo, mradi pembe zote mbili zilingane bila kupishana zaidi ya digrii 1, na masikio ya yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za bomba yakae mstari mmoja. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 80 na difu ya 4.1, kilomita 80 kwa saa ni karibu mizunguko 2,200 ya propela kwa dakika. Kosa dogo kwa mwendo huo linasikika mpaka kwenye meno.

Ya kwanza: propela yako mwenyewe na krosi mbili mpya

Kwa gari lililopanda inchi mbili, hii ndiyo hela inayoleta faida kubwa kuliko zote. Nunua krosi zenye nipo ya grisi. Beba ya zamani dukani na upime kwa venia (kipimo cha taya) kipenyo cha kikombe cha beringi na upana kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu gari za jina moja hutofautiana. Kabla ya kufungua, piga mstari wa rangi kwenye flanji zote mbili na kwenye slipu, sehemu ya meno inayoteleza kurefusha na kufupisha propela. Ukirudisha slipu ikiwa imeruka jino, masikio hayako tena mstari mmoja, na umejitengenezea mtetemo mpya.

Bonyeza vikombe kwa jiriwa. Nyundo hupinda masikio ya yoki. Klipu ikikataa kuingia kwenye mfereji wake, usiilazimishe: sindano moja ya beringi imeanguka na kulala chini ya kikombe. Toa, isimamishe kwa grisi, rudia. Krosi iliyokaa vizuri inakuwa nzito kidogo mkononi, lakini haikwami popote.

Wanaorudisha trela la mtumbwi ziwani wapige grisi siku hiyo hiyo, kwa sababu maji hupenya sili. Pampu mpaka grisi safi itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu, kile cha nne ndicho kitakachokauka na kutoa vumbi jekundu la kutu.

Ya pili: kurefusha na kubadili bomba

Hii ni ya inchi tatu hadi nne, pale slipu inapokuwa imevutwa nje mno. Ekseli ikining'inia kabisa, meno ya slipu lazima yaendelee kushikana vya kutosha. Ikibanwa juu kabisa, ibaki nafasi ya kama sentimita 2.5 kabla slipu haijagota. Peleka vipimo hivyo vyote viwili kwa mkerezaji, usipeleke urefu wa kukisia.

Dai bomba la propela lenye unene wa kama milimita 3. Bomba la maji halifai: unene wake haulingani na mshono wake haukutengenezwa kwa mzunguko huo. Masikio yapangwe kabla ya kuchomelea, kisha kazi ikaguliwe kwa geji ikizungushwa. Bomba lisicheze zaidi ya nusu milimita. Balansi ni sehemu ya kazi hiyo. Fundi wa Nyakato au wa kokote asiye na mashine yake akupe bei pamoja na kuipeleka inakobalansiwa, la sivyo umenunua nusu propela.

Ya tatu: krosi pacha upande wa transfa

Zaidi ya inchi nne, krosi moja inachoka haraka. Krosi pacha, yaani mbili zilizounganishwa pamoja, hugawana pembe na kuufanya mzunguko uwe sawa, lakini inabadili sharti: pua ya difu lazima sasa itazame transfa, ikiachwa chini digrii 1 au 2 kwenye springi za pleti, kwa kuwa hunyanyuka ukikanyaga mafuta. Hapo ndipo kabari ya kuinamisha ekseli inapoingia, ya chuma, pamoja na yubolti mpya zinazokazwa tena baada ya siku chache.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuweka kabari hizo kwenye propela ya kawaida. Pembe mbili zilizokuwa zinalingana zinapishana, na gari linatetema kuliko mwanzo. Kabari na krosi pacha zinunuliwe pamoja au ziachwe zote. Uliza pia kama mpira wa katikati, yaani tufe lililo kati ya krosi hizo mbili, unapatikana peke yake. Nipo yake imejificha, inahitaji mdomo mwembamba wa pampu, na mchanga wa mwaloni huanza kuula huo.

Nyinginezo

Hilux yenye propela ya vipande viwili ianze na kushusha beringi ya katikati kwa spesa (kipande cha kujazia nafasi) ya sentimita 1 hadi 2.5, ni kazi rahisi na mara nyingi inatosha. Spesa ya flanji hurudisha urefu wa slipu tu, haigusi pembe, na inataka bolti ndefu za daraja 10.9. Kushusha transfa kunakurudisha chini ulikotoka, tunaiweka karibu na mwisho.

Propela ya mtumba ni ya mwisho kabisa. Ukilazimika, pitisha kiganja bombani kutafuta bonde, tafuta alama ya kipande cha balansi kilichong'oka, kisha shika slipu na kuitikisa juu na chini. Ikigonga, irudishe kwa muuzaji.