Wanga wa kukazia ukwaju na mchuzi: upi ununue, upi uuache dukani

Tangu niandike mapishi ya viazi karai, vile vya kuchovya kwenye rojo la unga na kukaanga, lalamiko ni lile lile: usiku mchuzi wa ukwaju wa kuchovea ulikuwa mzito na unang'aa, asubuhi maji yamepanda juu na chini kuna matope. Wengine wananilaumu mimi na mapishi yangu. Basi leo sizungumzii weupe wa unga wala ulaini wake, maana hayo kila pakiti inajisifia. Nauliza jambo moja: ukipoa, utaachia maji?

Wanga ukichemka hunywa maji ukafura, ndipo mchuzi unapokaza. Ukipoa, nyuzi zake ndefu ziitwazo amilozi hujikusanya upya na kuyakamua yale maji. Wanga wa mahindi una amilozi takriban asilimia 25, wa muhogo kama 17. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na konflawa, yaani huo wanga wa mahindi.

Wa kwanza: wanga wa muhogo. Napendelea Erawan ya Thailand, ile pakiti ya ndovu mwenye vichwa vitatu, na sioni haya kusema hivyo. Ukwaju wake unakaa friji bila kutengana, na ni mwangavu, rangi yake unaiona mpaka chini ya bakuli. Chukua ya buluu. Nyekundu ni unga wa mchele na kijani ni wa mchele wa kunata, na ndovu ni yule yule kote, kwa hivyo soma maandishi. Walio Ghuba na London waitafute kwenye maduka ya Waasia. Mimi huwaagiza jamaa wanaokuja. Kijiko kikubwa kimoja kilichokorogwa kwa maji baridi kinatosha kikombe cha mchuzi. Ukishakaza, epua. Ukiuacha uchemke sana unavutika kama mlenda, na hapo lawama si za ndovu.

Msinunue "unga wa muhogo" mkidhani ndio huu. Ule ni muhogo mzima uliokaushwa ukasagwa, pamoja na nyuzinyuzi zake. Wanga ni ile sehemu nyeupe inayotuama muhogo ukikunwa, ukakamuliwa na maji yakachujwa. Duka moja liliniuzia wa kwanza kwa bei ya wa pili, na nilipourudisha muuzaji akaniambia "yote ni mihogo, mama". Kilifi na Kwale mihogo imejaa mashambani, lakini wanga wake tunaungoja kutoka Thailand, ambayo ndiyo inayouza wanga wa muhogo nje kuliko nchi yoyote duniani! Gharama ya meli tunailipa sisi.

Wa pili: konflawa. Inapatikana kila mahali na inafaa kwa mchuzi utakaoliwa siku hiyo hiyo. Hapa nachukua Foster Clark's. Kipimo ni kile kile, lakini iache ichemke dakika moja hivi, la sivyo inabaki na ladha ya unga mbichi. Ya kupima kwenye mifuko isiyo na jina siitaki: nyingine ni unga wa mahindi uliosagwa laini tu. Ifinye kwa vidole. Konflawa ya kweli hulia. Au changanya kijiko na maji kidogo: ukibonyeza inakuwa ngumu, ukiachia inatiririka. Unga wa sima haufanyi hivyo. Hata kastadi ya unga kwa kawaida ni konflawa iliyotiwa rangi na vanila, ikapandishwa bei.

Wa tatu: unga wa mchele. Kwenye mchuzi unaacha chenga, sitaki kuuona. Lakini tia vijiko viwili kwenye rojo la unga wa ngano la viazi karai uone ganda linavyokauka na kubaki na ukavu wake hata viazi vikipoa. Kwa kazi hiyo hauna mpinzani.

Wa mwisho: unga wa ngano. Rahisi, uko jikoni tayari, unataka vijiko viwili mahali pa kimoja. Kwa urojo, ile supu nzito ya Unguja, sawa, maana urojo hautakiwi kung'aa. Kwa ukwaju, hapana.

Lakini hata Erawan haitakuokoa na makosa mawili. Ukali wa ukwaju, ndimu au embe mbichi huukata wanga ukichemka nao muda mrefu. Kwa hivyo chemsha maji, sukari na wanga kwanza, kisha ukwaju utie mwishoni, ukikaribia kuepua. La pili ni kuonja. Mate yana kimeng'enya kinachomeng'enya wanga, na kijiko kilichoingia mdomoni kikirudi sufuriani kinatosha kuulegeza mchuzi uliopoa. Kwangu wanaonja kwa kumimina kiganjani, na shemeji yangu ananiona nina maringo.