Mzani wa kupima mafuta mwilini: miezi minne ya kuujaribu nyumbani

Mzani huu wa kioo wenye vibati vinne vya chuma niliununua Kariakoo kwa shilingi 45,000, siku chache baada ya daktari kunishauri nipunguze uzito, na kwa miezi minne nimekuwa nikiupanda kila asubuhi kabla ya kunywa chochote. Kwa upande wa kilo sina malalamiko. Niliupanda mikono mitupu, kisha nikaupanda nimebeba mfuko wa mchele wa kilo 10 ambao haujafunguliwa, na tofauti ikawa kilo 10.1. Asilimia ya mafuta ndiyo iliyonisumbua.

Mzani hauyaoni mafuta. Hupitisha mkondo dhaifu wa umeme kutoka unyayo mmoja hadi mwingine na kupima ukinzani, yaani kiasi ambacho mwili unauzuia mkondo huo, kwa kuwa misuli ina maji mengi yenye chumvi na hupitisha umeme kwa urahisi, ilhali mafuta huuzuia. Ukinzani huo huingizwa kwenye fomula pamoja na urefu, umri, jinsia na uzito, ndipo asilimia ipatikane. Kwa maneno mengine, yanayopimwa hasa ni maji, na mafuta ni makisio. Tena, umeme huo hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine, hivyo kitambi, ambacho ndicho chenye hatari zaidi kwa afya, huchangia kidogo sana katika kipimo.

Jumapili moja nilipima nikapata asilimia 29.6. Nilifungua programu ya mzani kwenye simu, nikabadili chaguo la “mtu wa kawaida” kuwa “mwanamichezo”, nikapanda tena kabla ya dakika mbili kupita, nikapata 24.1. Nikarudisha chaguo la awali na kujiongezea sentimita 5 za urefu, ikaja 27.4. Mwili ulikuwa ule ule, dakika zile zile.

Wiki ya kwanza ya kupunguza ugali, wali na chapati ndiyo iliyonikatisha tamaa zaidi, na naamini wengi huachia hapo. Nilipungua kilo 2.3, lakini mzani ukasema asilimia ya mafuta imepanda. Sababu ni kwamba wanga uliohifadhiwa mwilini hushikilia maji, takriban gramu 3 kwa kila gramu 1, na akiba hiyo ikitumika maji yake hutoka pia. Mzani ukikuta maji yamepungua, hudhani ni misuli iliyopungua. Kunywa nusu lita ya maji na kupanda papo hapo nako huongeza asilimia, kwa kuwa maji yaliyo tumboni huongeza uzito bila kubadili ukinzani wa miguu. Anayefunga asilinganishe kipimo cha kabla ya futari na cha asubuhi za kawaida.

Nilichojifunza kukitumia ni wastani wa siku 7, saa ile ile, baada ya kwenda haja na nyayo zikiwa kavu. Kwa wastani huo nilitoka kilo 91.2 hadi 83.6, na mafuta kutoka asilimia 31.8 hadi 28.7. Sambamba na hayo nilitumia futikamba ya fundi cherehani na fomula ya Jeshi la Majini la Marekani ya mwaka 1984, ambayo kwa mwanamume huhitaji shingo, kiuno na urefu, na kwa mwanamke huongezwa nyonga. Kiuno changu kilishuka kutoka sentimita 104 hadi 95, shingo kutoka 40 hadi 39, na fomula ikanipa asilimia 29.4 mwanzoni na 24.4 mwishoni. Vipimo viwili, majibu mawili yaliyopishana mwishoni kwa zaidi ya asilimia 4; vinakubaliana tu kwamba mafuta yanashuka, na hilo ndilo ninaloliamini.

Kwa bei yake, mzani huu ningeununua tena kwa ajili ya kilo na mwelekeo wa wiki hadi wiki. Jambo ninalolilalamikia kwa uzito ni onyo kwamba mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiutumie: limeandikwa kwa Kiingereza tu, kwa herufi ndogo, ukurasa wa mwisho wa kijitabu, na muuzaji aliyenifungia boksi hakunigusia neno.