Nyundo ya refleksi ya mpini mrefu: uzoefu wangu wodini

Kwa wenzangu mnaojiandaa kuingia wodi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, tafuteni kwanza nyundo nzuri ya kupimia refleksi, yaani mruko wa misuli unaokuja wenyewe kano inapogongwa. Yangu ni ya mpini mrefu, kichwa cha duara kilichozungushiwa mpira, aina ya Queen Square. Jina hilo ni la eneo la London lenye hospitali kongwe ya magonjwa ya ubongo.

Uzuri wake ni uzito. Ile ndogo ya pembetatu inakulazimu kupiga kwa nguvu, mgonjwa anakaza misuli na jibu linapotea. Hii unaishika mwisho wa mpini kwa vidole tu, unaiachia ianguke yenyewe juu ya kano. Utaipenda zaidi ukifika kisiginoni, mahali ambapo wengi hukosa jibu. Kila refleksi hupitia neva zake za uti wa mgongo, zilizopewa herufi na namba: C ni za shingo, L za kiuno, S za chini yake. Refleksi ya kisigino inapitia S1, ya goti L3 na L4, ya mbele ya kiwiko C5 na C6, ya nyuma yake C7. Ukizipata kwa uhakika unajua tatizo liko usawa gani, hata kama mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, iko mkoa mwingine.

Chukulia mgonjwa aliyeishiwa nguvu za miguu taratibu. Mikononi refleksi ni za kawaida. Ukigusa goti, mguu unaruka. Ukisukuma wayo juu ghafla, unadundadunda wenyewe. Ukikwaruza unyayo, kidole gumba kinapanda, ile ishara aliyoieleza daktari Mfaransa Babinski mwaka 1896. Refleksi za miguu zimezidi na za mikono ni za kawaida, kwa hiyo tatizo la uti wa mgongo lipo chini ya shingo na juu ya kiuno. Mgeuze umpapase mgongo: ukikuta kinundu katikati, kifua kikuu cha uti wa mgongo kiwe cha kwanza kichwani mwako, maana kina dawa na kuchelewa kunaweza kumgharimu miguu.

Nyundo hii pia inatenganisha konzo na polio. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hukakamaza miguu na kuzidisha refleksi. Polio huilegeza na kuziondoa. Ila kwa majeruhi wa ajali uwe makini: uti wa mgongo ukiumia ghafla, refleksi zinaweza kutoweka kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kurudi kwa kishindo.

Kasoro zipo. Haienei mfuko wa koti. Ncha ya mpini ni kali mno kwa unyayo, hasa wa mwenye kisukari aliyepoteza hisia. Mimi natumia kijiti butu ninachokitupa baada ya kila mgonjwa. Uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde (hezi 128), wa kupimia hisia ya mtetemo, unauzwa peke yake.

Dukani, vuta ule mpira kwa kidole kabla ya kulipa. Ukichomoka, omba nyingine.