7-Zip ya kwenye flashi imenifungulia ISO bila paswedi ya msimamizi

Nafundisha Baiolojia kwenye sekondari moja hapa Tabora mjini. Maabara yetu ya kompyuta ina mashine 14, zote Windows 7, na zote zimefungwa: fundi aliyezifunga aliondoka na paswedi ya msimamizi. Mimi nina DVD ya michoro inayotembea ya mwili wa binadamu. Niliigeuza faili la ISO nyumbani, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, maana draivu za DVD pale maabara karibu zote zimekufa kwa vumbi.

Windows 7 haijui kumaunti ISO, yaani kuipachika ionekane kama diski iliyoingizwa. Jambo hilo lilikuja na Windows 8, mwaka 2012. Nilijaribu programu mbili za kutengeneza draivu ya bandia. Zote zinataka kuweka draiva, programu ndogo ya kuendesha kifaa, ndani ya Windows, na draiva haiingii bila paswedi. Nilipoteza vipindi viwili nikilitazama dirisha lile lile.

Kilichonitoa ni 7-Zip, programu ya kubana na kufungua mafaili, kazi ya Igor Pavlov, ya bure tangu 1999. Nilichukua toleo la PortableApps, tovuti ya programu za kubeba kwenye flashi, lisilohitaji kuwekwa kwenye mashine. Linakaa kwenye flashi na kufanya kazi humo humo. Nikachomeka, nikaifungua, nikalitafuta faili la ISO na kubofya mara mbili. Folda zote za DVD zikajipanga mbele yangu. Haimaunti, hilo lieleweke. Inasoma kilichomo na kukutolea, basi. Kwa somo langu hicho ndicho nilichohitaji.

Siku ya kwanza nilikosea mahali ambapo wengi watakosea. Niliubofya ukurasa wa mwanzo ukiwa bado ndani ya ISO. Ukafunguka mweupe, hakuna moyo, hakuna mishipa. Ukibofya hivyo, 7-Zip hutoa faili hilo moja tu na kulitupa kwenye folda ya muda. Picha na video zake zinabaki ndani. Chagua vyote, bonyeza Extract (toa), elekeza kwenye Documents, ambako akaunti ya kawaida ina ruhusa ya kuandika. Kisha fungua ukurasa ukiwa huko.

Gharama yake ni nafasi. ISO yangu ina GB 3.6, kwa hiyo kila mashine inakula GB 3.6 nyingine. Usiikopi ISO kwenye mashine kwanza; itoe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Mwalimu wa Jiografia alikwama hapo na ramani zake mpaka tulipoifomati flashi yake kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho.

Kuna diski ambazo hii haiziwezi. Nina kamusi ya zamani inayotaka kuona CD yake kwenye draivu kabla ya kufunguka, na ukiipa folda inakataa. Hiyo naifungulia kwenye laptopu yangu ya Windows 10: nabofya ISO mara mbili, inapanda yenyewe, haiulizi paswedi. Mwenye Windows 8 kuja juu hana haja ya haya yote kwa ISO ya kawaida. Na kama fundi wenu amezuia hata programu za kwenye flashi, 7-Zip nayo itagoma.

Pakueni 7-Zip kwenye tovuti ya PortableApps yenyewe, haifiki MB 10. Msikopi kutoka kwenye flashi za stationery, nawaomba sana. Virusi vya huko vimeshanifutia mtihani mzima.

Alhamisi Kidato cha Pili waliona vali za moyo zikifunguka na kufunga. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Madam, rudisha, sijaona damu inapotokea." Nikarudisha mara nne. Mashine 8 zimeshajazwa. Jumatatu naendelea na 6 zilizobaki.