Pakiti ya mitego ya kuzuia suti za kivita: mtego wenyewe haunasi kitu

Hii ni pakiti ya gemu ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago, na nianze kwa kusema vifaa vyenyewe ni vizuri, asije mtu akasema nina chuki binafsi. Seng'enge imesokotwa mpaka inachoma kidole, yale meno ya zege, vile vigingi vya kuzuia vifaru, yamepakwa rangi ya kutu na ukungu, ukiyapanga mezani roho inasuuzika. Kama unataka mapambo nunua hata leo. Ila mimi sikununua mapambo.

Kwenye hizi gemu za vita vya kubuni mimi siku zote ni mtu wa kulinda. Kila mtu anataka suti ya chuma yenye mota, anaruka ukuta, anabeba mzinga kwa mkono mmoja, halafu sisi wenye askari wa miguu kazi yetu kuhesabu maiti. Kwa hiyo nilipoona kuna pakiti nzima ya mitego dhidi ya hizo suti nikasema haya sasa, angalau kuna mtu katufikiria.

Tukakaa na jamaa yangu. Yeye suti tupu, mimi mahandaki na bonde la tope, karibu nusu ya pointi zangu zote za kununulia jeshi nimezimwaga kwenye lile tope. Suti yake ya kwanza ikaingia katikati kabisa, nikatoa kadi ya mtego huku nimeshikilia pumzi. Nasoma: rusha dadu moja, ukipata 2 au zaidi suti inatoka na kuendelea na mwendo wake wote. 2 au zaidi jamani! Dadu ina pande 6, yaani mara 5 kati ya 6 anatoka, na hapotezi hata inchi moja. Akarusha, ikaja 4, akapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ndo ikanasa, zamu iliyofuata ikatoka nayo. Nusu ya jeshi langu ndo imenunua hicho.

Na msiniambie eti ni gemu tu. Kitabu chao wenyewe kinasema suti ina kilo 500. Haya, ipe unyayo mkubwa, sentimita mraba 400, karibu mara mbili ya kiatu cha mtu. Ikitembea kuna wakati uzito wote uko kwenye mguu mmoja, hiyo ni kilo 1.25 kwa kila sentimita mraba. Kifaru cha tani 60 kinakandamiza ardhi kwa takribani kilo 1 tu kwa sentimita mraba kwa sababu minyororo yake ni mipana. Kwa hiyo kwenye tope suti inazama kuliko kifaru! Mota ina nguvu sawa, lakini nguvu inataka pa kukanyagia, ukisukuma tope unazidi kwenda chini, na ukivuta mguu mmoja ule mwingine ndo unadidimia. Halafu mabomu ya ardhini ya kulipua vifaru, kanuni inasema eti suti inahesabiwa askari wa miguu kwa hiyo hayalipuki. Mabomu mengi ya aina hiyo yanataka uzito wa kuanzia kilo mia na kitu, ndo maana mtu wa kawaida mara nyingi hayamlipukii, sasa kilo 500 zinapitaje hapo?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima zote, na hesabu nikaweka. Jibu lilikuja fupi: suti ndizo zinazouzika, kama huwezi kuzizuia tafuta gemu nyingine. Hakuna salamu, hakuna pole, hesabu hata hawajaigusa. Aisee niliisoma ile meseji nikasikia masikio yanawaka moto. Mmeniuzia kizuizi halafu mnanilaumu sijui kuzuia?

Haki yao niwape lakini, kanuni ya seng'enge ni nzuri sana. Suti haizuiwi, ila waya unajizungusha kwenye maungio ya goti, mwendo unakuwa nusu, na akitaka kuukata lazima asimame pale pale mbele ya bunduki zangu. Hivyo ndivyo kizuizi kinavyofanya kazi, hakiui, kinamweka adui pale unapomwona umpige. Aliyeandika ukurasa ule anajua vita, na kwa ajili yake nilikuwa naelekea kutoa nyota 3, kweli kabisa.

Sasa fungua ukurasa wa mwisho. Kwa maandishi madogo: suti zenye injini za kurukia hazihusiki na vizuizi vyote, hata kama zimeshanaswa. Zimeshanaswa! Waya uko gotini na bado anaruka! Na suti gani siku hizi haina injini za kurukia?

Nyota 1, na hiyo ni ya aliyeandika seng'enge. Msinunue mpaka watoe marekebisho. Mezani kwetu tope sasa ni 5 au zaidi ndo utoke, na ukitoka mwendo wa zamu hiyo umeisha, mabomu ya vifaru yanalipuka, na aliyenaswa haruki. Jamaa yangu mwenye suti kakubali bila ubishi, anasema hata yeye ndo kaanza kufikiria njia ya kupita.