n8n: programu iliyofanya mifumo yetu mitatu isomane

Kwa muda mrefu duka letu la jumla la vifaa vya ujenzi, lililopo Buguruni jijini Dar es Salaam, lilikuwa na mifumo mitatu isiyosomana: malipo ya simu, stoo na uhasibu. Kila jioni karani alinakili miamala kwa mkono, na mteja aliyelipia mabati saa nne asubuhi aliweza kuambiwa saa nane kwamba bado anadaiwa. Tangu tuiunganishe mifumo hiyo kwa n8n, adha hiyo imekwisha.

Programu hii ilianzia Berlin mwaka 2019, mwasisi wake akiwa Jan Oberhauser. Unaweza kuisimika kwenye seva yako bila ada ya leseni kwa matumizi ya ndani ya biashara, hivyo taarifa za wateja wetu hazitoki mikononi mwetu.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba unaweza kufungua muamala uliokwisha kupita na kuona kila hatua ilipokea nini na ikatoa nini. Ndivyo tulivyogundua kwamba kwenye namba ya kumbukumbu mteja mmoja huandika “1043”, mwingine “ANK1043”, na mwingine jina la fundi wake. Tukaongeza hatua ya kuondoa herufi, na malipo yasiyotambulika humfikia mhasibu ayakague mwenyewe. Tuliona pia malipo yaleyale yakiingia mara mbili, kwa kuwa taarifa ya malipo hutumwa tena jibu linapochelewa. Sasa namba ya muamala hutafutwa kwanza katika uhasibu kabla ya chochote kuandikwa. Lakini programu haikuamulii mfumo upi uwe na kauli ya mwisho kuhusu bei, upi kuhusu idadi ya mifuko ya saruji, na upi kuhusu deni. Hilo mlimalize wenyewe mezani kabla ya kuunganisha chochote.

Naipendekeza kwa dhati kwa duka lenye mtaalamu wa kompyuta anayepatikana, hata kwa siku chache kwa mwezi, maana skrini yake haina Kiswahili na inahitaji mtu anayeielewa API, yaani njia ambayo programu moja huitumia kuzungumza na nyingine. Mtaalamu huyo ahifadhi ufunguo wa usimbaji, yaani msimbo ambao n8n huutumia kuficha nywila, mahali salama nje ya seva, kwani ukipotea, nywila zote zilizowekwa humo hazisomeki tena. Aangalie pia muda wa kutunza kumbukumbu za miamala ndani ya n8n, ambazo hufutwa baada ya siku 14 mpangilio usipobadilishwa. Sisi tumeuongeza ili mhasibu aweze kuzirejea anapofunga hesabu za mwezi.