Sidii ya Krismasi ya Patty Loveless: imekwama kwenye wimbo uleule nilioinunulia

Jamani bado nina hasira, mniwie radhi. Kama wiki mbili kabla ya Krismasi nilinunua Bluegrass & White Snow ya Patty Loveless, mwimbaji wa country wa Marekani, ile albamu yake ya 2002 ya bluegrass, muziki wa milimani wa banjo na fidla, kwenye duka la sidii za mtumba hapa Lexington, Kentucky. Wala haikuwa yangu. Kazini nafanya shifti ya usiku na mzee mmoja wa milimani, upande wa Pikeville alikozaliwa Patty mwenyewe, na baba yake mzee huyo alichimba makaa ya mawe mpaka vumbi likammaliza mapafu, yaani sawasawa na baba yake Patty. Mzee huyu ndo alinifundisha foklifti nilipokuwa mgeni na wengine wakinisonya. Basi akawa ananisimulia treni ya Santa, yaani Baba Krismasi, inapita kwao tangu 1943, Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani ya Novemba, inatoka Kentucky inakatiza Virginia mpaka Kingsport kule Tennessee, kama kilomita 180 hivi, na watoto wamejipanga kando ya reli kwenye baridi wanarushiwa zawadi. Yeye alidaka glavu. Hadi leo anaikumbuka rangi yake. Na kwenye hii albamu kuna wimbo wa hiyo treni, Santa Train, na Patty mwenyewe ameshaipanda. Ningeachaje kununua?

Sasa sikia. Naweka nyumbani nijaribu kabla sijafunga zawadi, nyimbo zingine zote zinapita, ikifika hapohapo kwenye treni, kwaa! Neno moja linajirudia kama kuku anadonoa. Nafuta kwa kitambaa, narudisha, palepale.

Kesho yake nikarudi na risiti. Kijana wa kaunta hata salamu hakuitikia, akachomeka, akapiga wimbo wa kwanza kama nusu dakika, akazima. "Mbona iko vizuri?" Namwambia kaka shida iko kwenye wimbo wa treni, peleka mbele. Anapumua kama namtwisha gunia. Akapeleka, ikakwama mbele ya macho yake, watu wawili nyuma yangu wanasikia kabisa, halafu ananiambia hivyo ndivyo bluegrass inavyoimbwa, wanarudiarudia, labda wewe hujazoea.

Mimi sijazoea! Miaka naimba alto kwenye kwaya, nisijue kiitikio na sidii iliyochunika? Na hilo banjo la bluegrass asili yake ni Afrika Magharibi, walikuja nalo watu waliouzwa utumwani. Sikumwambia, maana nilikuwa natetemeka, nimeyapata haya maneno kwenye basi narudi. Hela hakurudisha.

Kwa hiyo nyota moja. Ila ngoja, nyota ya nani? Maana albamu yenyewe jamani ni tamu, niliyosikia nimeyasikia. Wageni wake ni watu wazito, kuna Dolly Parton, Emmylou Harris, Ricky Skaggs, na hakuna aliyekuja kujionyesha, wanaingia chini ya sauti ya Patty wanaibeba, kama wale waimbaji wazuri wa kwaya ambao huwasikii mpaka siku wasipokuja. Christmas Time's A-Comin', aliyoirekodi Bill Monroe 1951, fidla ikianza huwezi kukaa, mi niliosha vyombo vyote bila kujua. Halafu ile ya nyota ya Bethlehemu nikakaa kimya. Mpaka hapo niko kwenye nyota nne, nikimkumbuka yule kijana narudi moja.

Mwisho nikampa mzee hivyohivyo, nikamweleza kila kitu, aibu tupu, zawadi mbovu. Akasema twende kwenye gari. Tukakaa kwenye pikapu lake alfajiri tumetoka kazini, hita inanguruma, akaenda moja kwa moja kwenye treni. Ikakwama palepale. Akapunguza sauti mpaka mwisho akauimba mwenyewe kuanzia ilipokwamia, sauti imekauka, anapiga usukani kwa vidole, akaumaliza wote. Halafu akabonyeza wimbo unaofuata, hakusema kitu, na mimi sikusema.

Nyota tano basi, za Patty na wenzake. Duka halipati hata moja, na hela yangu naitaka, Jumatatu narudi pale na huyo mzee.